Povu la Alizeti

Kwanza niungame kabla watu wa Tanga hawajaniwahi. Hapa Dodoma ofisini mimi naitwa Mtanga, mtu wa pwani, na jina hilo nimelilea mwenyewe kwa mikono yangu toka nihamie huku 2019. Ukweli ni kwamba kwetu Muheza. Muheza mnaijua, ni machungwa. Bahari iko Tanga mjini huko na sisi tulikuwa tunaiona Idi mpaka Idi, tena kwa mbali, tukiwa na viatu vipya ambavyo tumekatazwa kuvilowesha. Lakini Mgogo wa Kongwa atayajulia wapi hayo, kwake yeye ukishapita Segera basi wote huko mnalala na papa uvunguni.

Kwa hiyo nikawa najidai. Mchana tukienda kula kwa mama ntilie kule Mtumba, akileta samaki mimi namgeuza na uma, namwangalia upande huu, namwangalia upande ule, halafu naguna. "Mmh. Haya." Wenzangu wakiuliza vipi nasema hamna kitu, kuleni tu, nyie mmeshazoea. Nawatajia changu, kolekole, nguru, pono, nawaambia samaki aliyetoka majini asubuhi hapikwi, anaonyeshwa moto tu anaelewa mwenyewe. Maneno mengine na mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, yanatoka mdomoni mwangu.

Yohana, ambaye ni Mgogo wa kuzaliwa na meza yake inatazamana na yangu, alikuwa hanijibu. Yeye samaki hana habari naye, anasema ni chakula chenye maswali mengi, unakula huku unajihoji, yeye mpe ugali wa uwele na mlenda unaoshuka wenyewe. Aliyekuwa ananijibu ni Devota. Devota ni Mhaya, kakulia Bukoba ziwani kabisa, na dada yule ukimtajia samaki wa baharini anakuangalia kwa huruma kama umemwambia umefiwa. Siku moja akaniambia mbele ya watu, "Kaka, maneno yote haya, hivi wewe ushawahi kumpika?"

Sasa hapo mwanaume mwenye akili anacheka anabadilisha mada. Mimi nikasema, "Ijumaa. Kwangu. Njooni na njaa."

Mama Salma hakuwepo. Alikuwa ameenda Muheza kwenye harusi ya mdogo wake, kaondoka na Salma, mimi nimebaki wiki nzima na mayai. Jumatano usiku nikampigia kumuuliza mafuta yako wapi. Akaanza kunieleza, na mke wangu akieleza anaeleza kweli, mafuta ya alizeti yako kabati la chini, ni yale ya kukamua ambayo shoga yake wa Singida humletea, hayajasafishwa kama ya dukani kwa hiyo yakipata moto yatatoa povu, usishtuke, yaache povu likate ndo uweke kitu chako. Hilo nililisikia vizuri. Halafu akasema ziko chupa mbili zinafanana, zile za maji za lita moja na nusu, nimeifunga uzi mwekundu shingoni ile ya... na hapo hapo jamaa akaangushwa ndani ya boksi. Nikasimama. Refa akapeta. Nikakaa.

"Umenielewa baba Salma?"

"Nimekuelewa."

Mapishi yenyewe nilikuwa nimeyapata kwenye simu, jamaa mmoja ana aproni nyeusi na mikono ina tatuu, anasema chakula cha jioni dakika 10. Masharti yake siyo mengi. Samaki unamkausha na tishu mpaka awe mkavu kabisa maana maji na mafuta ya moto hayapatani, kikaango kinapata moto kwanza, mafuta kidogo tu, samaki unamlaza upande wa ngozi, unamkandamiza sekunde chache asijikunje, halafu unamwacha. Humgusi. Hapo jamaa alisisitiza sana, usimguse, ngozi ikiiva itajiachia yenyewe, ukimlazimisha anachanika na nusu inabaki kwenye kikaango. Dakika nne, unamgeuza, dakika mbili, unakuwa unachota mafuta kwa kijiko unammwagia mgongoni, taratibu, kama unamuogesha mtoto. Basi. Nikaiangalia ile video mara sita. Mara ya saba nikaanza kuona makosa ya jamaa.

Ijumaa nikachomoka ofisini mapema, nikaenda soko la Majengo. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima ana perege wa Mtera wamelala kwenye beseni wanang'aa. Mtera ni lile bwawa la njia ya Iringa, linatupa umeme wa megawati 80 na perege juu yake, huo umeme mtauona baadaye unavyoingia kwenye hii habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu perege."

"Naomba hawa watatu, uwapae magamba, halafu unitolee mifupa. Nataka minofu mitupu, ngozi ibaki."

Mama akaweka kisu chini. "Mifupa ina nini?"

"Haina kitu mama, nataka kupika kwa mtindo fulani."

"Nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hamna."

"Mtoto anaota meno?"

"Hapana mama."

Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje anisikie. Ikabidi niseme tena yote kuanzia shikamoo. Yule wa pili akasema, "Samaki bila mifupa utajuaje kama umemla?" Swali ambalo mpaka leo sina jibu lake. Mwisho wakanikatia, huku wanacheka na kisu kinacheka pia, nikapata minofu sita, miwili ina sura ya mnofu na minne ina sura ya ajali. Vichwa na mifupa nikamwambia mama abaki navyo. Akavitia kwenye mfuko wangu kwa nguvu. "Beba baba. Utavililia."

Sasa sikilizeni vitu vitatu vilivyoniangusha, maana watu wanasema mimi ni mjinga na siyo kweli, nilizingirwa.

Cha kwanza ni pua. Wanaoishi Dodoma wanajua mwezi wa nane upepo wake, vumbi linaingia hadi kwenye droo iliyofungwa na ufunguo, na pua yangu ilikuwa imeziba toka Jumanne, hata dawa ya mbu nilikuwa siisikii. Cha pili ni limau. Nilikuwa nimekamua malimau matatu juu ya ile minofu, kwa hiyo hata kidogo nilichokuwa nanusa nilitegemea kiwe limau. Na cha tatu saa moja na nusu jioni, minofu nimeshaipangusa na tishu ikakauka kama karatasi za ofisi, kikaango kiko mezani, nyumba ikaingia giza pyuu. Nikachungulia dirishani, kwa jirani taa zinawaka. LUKU imeisha. Imeisha kwa uzembe wangu, ilikuwa inalia toka asubuhi nikadhani ni saa ya Salma. Na kwenye simu sina hela ya kununua uniti maana imeishia kwenye bando la kumwangalia yule jamaa wa tatuu mara saba.

Jiko la gesi lakini lipo, mtungi umejaa. Nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, nikafungua kabati la chini. Chupa mbili. Zote lita moja na nusu, zote zina kitu cha njano, moja ina uzi mwekundu shingoni nyingine haina. Nikakumbuka uzi. Nikakumbuka sana, nikaikumbuka na ile faulo.

Nikakaa chini nikafikiri kama mtu mzima. Nikajiuliza, binadamu anafunga uzi kitu gani? Anafunga kitu anachokijali. Mafuta yametoka Singida, yamepanda basi, yana thamani, ndo yamefungiwa uzi. Nani anafungia uzi sabuni? Maana nilijua nyingine ni sabuni ya maji, jirani yetu Mama Neema anatengeneza nyumbani anauza kwa chupa, ya njano, ya limau, nusu ya Ipagala inaosha vyombo na ile. Kwa hiyo nikaiweka ya uzi jikoni, isiyo na uzi nikaipeleka kwenye sinki. Nilijisikia vizuri hata. Mtu unapata tatizo gizani unalitatua kwa akili.

Hodi. Yohana na Devota wameingia, Yohana kaja na bodaboda amejaa vumbi hadi kope, kabeba tikiti. Mbukwenyi, mbukwenyi, karibuni, poleni na giza. Devota akauliza kuna nini nikamwambia LUKU, akacheka akasema ngoja ninunue kwangu. Nikawaambia msiwe na wasiwasi, kaeni mbele huko, mapishi yenyewe ni dakika 10, mtakula kwa mshumaa kama watu wa hoteli.

Kikaango kikapata moto. Nikamimina kutoka chupa ya uzi.

Yakatoa povu.

Yaani kama mama Salma alivyosema! Nikatabasamu. Nikasema hapa sasa, mtu wa mjini aliyezoea mafuta ya dukani angetupa kikaango akakimbia, mimi najua, hii ni alizeti ya kukamua, povu lazima. Nikasimama na kijiko nikasubiri povu likate.

Povu halikukata. Nikasubiri tena. Likawa linapanda, jeupe, zito, limefika ukingoni mwa kikaango linanitazama. Nikapunguza moto likashuka, nikaongeza likapanda. Kuna moshi ukawa unatoka, siku hizi najua ulikuwa mvuke lakini kwenye tochi ya simu moshi na mvuke ni mtu na kaka yake, na jamaa wa video alisema ukiona moshi mwembamba mafuta yako tayari. Nikasema basi, hili povu litakatia mbele ya safari. Nikamlaza perege wa kwanza upande wa ngozi.

Wapika samaki mnajua ile sauti. Chwaaa! Mimi nilipata sauti nyingine, kama mtu anavuta uji wa moto. Nikamkandamiza sekunde kumi. Nikamwacha, simgusi. Kikaango chetu ni cha kawaida siyo nonstiki, mayai wiki nzima nilikuwa nayakwangua na kijiko, lakini huyu samaki hakung'ang'ania hata kidogo. Ukikitikisa kikaango anakwenda huku, anarudi, anateleza kama yuko kwenye sakafu iliyodekiwa. Nikafurahi kupita kiasi. Nikapaza sauti hadi sebuleni, "Devota! Njoo uone samaki anavyojiachia mwenyewe!"

Tatizo likawa moja tu, haivi rangi. Dakika nne zimepita ngozi ni ileile ya sokoni, tena imezidi kung'aa. Nikafikiria nikaona kosa, mafuta kidogo. Nikaongeza. Nikaongeza vizuri, kama robo chupa.

Na hapo nikaanza kumuogesha. Nachota na kijiko, nammwagia mgongoni, nachota, nammwagia, povu linamtiririka mbavuni, na kusema ukweli sidhani kama kuna perege ameogeshwa vile toka Mtera ipate maji. Na kuna mapovu mengine yakawa yanajitoa kwenye kikaango yanapaa, makubwa makubwa, yanapita kwenye mwanga wa tochi yana rangi rangi, yanaelekea dirishani taratibu.

Dirishani walikuwepo watoto wa Mama Neema, wawili, wameng'ang'ania nondo. Sijui walifika saa ngapi. Wanayapasua mapovu kwa vidole yakifika. Nikasikia yule mdogo anaita kwa sauti ya kutangaza msiba, "Mamaaa! Njoo uone! Baba Salma anafua samaki!"

Nikawafukuza. Nikasema moyoni watoto wa bara hawa, samaki wanamjulia wapi.

Devota akaja jikoni na simu yake mkononi, uniti amenunua, ametumiwa tokeni. Nikamwambia subiri kwanza, onja. Nikamkatia kipande, gizani, nikakipuliza povu kama mtu anayepuliza chai, nikampa kwa uma. Nataka mjue yule dada ni mtu mwenye adabu zake. Alitafuna. Akatafuna tena. Akasimama kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali. Nikamuuliza vipi.

"Limau," akasema. "Limau imekolea sana kaka."

"Ndo sisi wa pwani," nikamjibu.

Akameza. Alimeza, Mungu ambariki. Kisha akasema anakwenda nje kwenye mita kuingiza namba, tokeni ile si mnajua ina tarakimu 20, nikamwangaza mlangoni nikarudi kwa mgonjwa wangu. Nyuma yake akaingia Yohana, anauliza pa kunawa, mikono ina vumbi lote la njia ya Dar. Nikamwonyesha sinki, sabuni hiyo hapo ndugu yangu, chupa ile isiyo na uzi, jimiminie.

Nikawa namsikia nyuma yangu ananawa. Ananawa sana. Maji yanafunguliwa, yanafungwa, anajimiminia tena, anasugua, anafungua. Nje Devota anasoma namba kwa sauti, nne, saba, sifuri, mbili. Watoto wamerudi dirishani. Mimi nachota namwogesha samaki.

Yohana akasema, kwa upole wake uleule wa siku zote, "Kaka, hii sabuni yako ni ya wapi?"

"Ya hapo jirani. Kwani vipi?"

"Haitoi povu. Nimepaka mara tatu. Mikono inazidi kuteleza tu, kama nimejipaka mafuta."

Na hapo taa zikawaka pwaa.

Sijui niielezeje ile sekunde. Mimi nimeshika kijiko. Yohana amenyoosha mikono miwili mbele, inameremeta hadi viwiko kama bondia. Kwenye jiko kikaango hakionekani, kuna mlima mweupe umefunika plate zote mbili, umeteremka kwenye mlango wa kabati, unaelekea chini, na katikati ya ule mlima umetokeza mkia. Nikaiangalia mikono ya Yohana. Nikauangalia mlima. Nikaangalia uzi.

Yohana akasogea karibu, akainama, akautazama ule mkia kwa muda mrefu. Halafu akasema neno moja la Kigogo ambalo kila mtu wa mji huu analijua maana ndo wanasema mji ulipatia jina, yule tembo wa zamani alipokwenda kunywa maji akazama kwenye tope.

"Idodomya."

Amezama.

Akakaa chini sakafuni palepale akacheka bila sauti, mabega tu, anataka kufuta machozi lakini kila akigusa uso anajipaka alizeti.

Devota akaingia anapangusa mikono, anasema taa si hizo, akatuona. Alielewa haraka kuliko mimi, wasomi hawa. Akaweka mkono mdomoni, akauliza, "Ile ilikuwa limau ya nini?" Sikumjibu. Hakusubiri pia, alishafika bafuni. Tukawa tunasikia anasukutua, ananyamaza, anasukutua tena, na kati ya sukutuo na sukutuo ananiita jina langu lote na la baba. Nashukuru Mungu alikunywa maji mengi, usiku ule hakupata shida yoyote, isipokuwa anadai mpaka asubuhi kila akicheua alikuwa anasikia usafi.

Mama Neema akaja, ameitwa na wanawe. Akasimama mlangoni kwenye khanga mbili, akanusa. Mwenye pua nzima ananusa mara moja tu. "Hii siyo sabuni yangu hii?"

"Ni yako dada."

"Mmeipika?"

Yohana kule chini akaanza upya. Mimi nikajieleza, LUKU, uzi, pua, alizeti, faulo. Mama Neema wala hakuwa ananisikiliza, alikuwa anauangalia ule mlima na uso umemchangamka, kumbe mwezi mzima wateja wamekuwa wakimsumbua kwamba sabuni yake nyepesi, anaichakachua maji, haitoi povu. Akachomoa simu kwenye khanga akapiga picha. Akapiga nyingine kwa pembeni. "Subiri nimrushie Mama Jose," akasema, "ndo anaongoza kunisema. Baba Salma, hebu kichochee kidogo lipande tena."

Nikachochea. Ningefanyaje.

Ndo akauliza wageni watakula nini. Minofu sita, mmoja umezama, ndo huohuo Devota amekatiwa, na mitano ilikuwa kwenye sahani pembeni ya jiko imefunikwa na povu lililomwagika. Nikakumbuka ule mfuko. Vichwa vitatu na mifupa yake. Nikauleta huku naona aibu, Mama Neema akaupokea, akafungua, akaniangalia kama vile nilikuwa nimemficha. Akaenda kwake na vichwa, na chupa isiyo na uzi. Alikaanga vitunguu na nyanya kwa ile alizeti, nilimfuata nyuma kushuhudia, na kweli ilitoa povu. Dogo tu. Pembeni pembeni, kama mate ya mtoto. Likakata lenyewe kabla sijamaliza kulionyesha kwa kidole. Sasa mke wangu naye, si angesema kabisa kwamba ni povu dogo.

Tukala kwa Mama Neema, mkekani uani, mchuzi wa vichwa vya perege na ugali wa uwele, na mlenda aliokuwa ameshaupika kwa ajili ya watoto. Devota alikifyonza kile kichwa mpaka mfupa wa shavu ukawa mweupe, akaulizwa na wenyeji kama kwao ziwani wanapika hivi akasema kwetu tunapika vizuri zaidi lakini leo sina ubavu wa kubishana na mtu. Yohana alikula mlenda. Alipoulizwa mbona hagusi samaki akasema amewasamehe, wamepitia mengi.

Vyombo aliosha Yohana, alijitolea. Alipofika kwenye kikaango akakigeuza kwenye taa, akaona sura yake, akakirudisha kabatini bila kukitia maji.

Jumatatu ofisini nimefika nikakuta hamna anayeniita Mtanga. Hata mkuu wa idara, mtu ambaye hacheki toka bajeti isomwe, alinipita koridoni akasema "Habari za kufua?" na akaenda zake.

Mama Salma alirudi Alhamisi. Sikumwambia kitu. Sikuhitaji, Mama Jose alikuwa ameshawarushia watu picha, zikapanda zikafika kwenye grupu la harusi huko Muheza siku ileile kabla bibi harusi hajatoka ndani, wakwe zangu wote wameniona na kijiko. Alichofanya mke wangu ni kuingia jikoni, akafungua kabati, akatoa kikaango akakiangalia, akakinusa, akakirudisha. Halafu akaenda chumbani akarudi na kikapu chake cha kushonea.

Sasa hivi kila chupa jikoni kwetu ina uzi. Mwekundu, mweusi, wa kijani, wa bluu, na kuna mmoja wa dhahabu umebaki kwenye sare ya harusi. Amenikalisha amenieleza yote, moja moja, na TV imezimwa. Jana nimepita kuchukua glasi akaniita.

"Baba Salma. Wa kijani?"

Nikafikiria. "Siki."

"Wa bluu?"

"Siki nyingine."

"Toka jikoni kwangu."